Pazia la Matumbawe

Alhamisi, 8 Januari

Kicheko hayupo. Basi, nimeandika. Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili, na hata sasa nimeyatazama hayo maneno mawili mpaka wino umekauka.

Kicheko ni rafiki yangu wa sekondari. Tulikaa dawati moja miaka yote minne. Anacheka ovyo, ndiyo maana nikamwita hivyo. Anapenda karanga, anaogopa paka, na hesabu zinamtoa jasho. Mama anamjua vizuri. Kila asubuhi nikivaa viatu alikuwa ananiambia, "Msalimie Kicheko," na jioni namjibu, "Zimefika, naye anakusalimia." Ila nilimtunga. Wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza Mama aliniuliza kama nimepata rafiki, na aliuliza kwa uso wenye matumaini mno, nikasema ndiyo. Ukishasema ndiyo, lazima rafiki awe na jina. Akishakuwa na jina, lazima apende karanga.

Dawatini nilikaa peke yangu. Upande wa pili niliweka mkoba.

Nilidhani shule ikiisha Kicheko naye ataisha, kama sare. Wapi! Mama hupandisha miwani kutoka kwenye cherehani na kuniuliza, "Leo huendi kwa Kicheko?" Basi naenda. Nakwenda duka la samaki wa mapambo, kona ya pili baada ya kinyozi, nasimama mbele ya tangi la matumbawe. Zamani nilikuwa napita pale nikitoka shule, sasa nakwenda kila siku. Ukisimama mbele ya samaki hakuna anayekuuliza umesimama na nani. Mwenye duka ni Mama Pacha. Ana mabinti wawili wa miaka miwili wanaokimbizana kati ya ndoo, na sauti yake inasikika mpaka kituo cha mabasi. Namwogopa. Yeye ananiita Bi Kimya.

Leo nimenunua matumbawe laini matatu, kwa zawadi aliyonitumia Kaka ya kumaliza shule. Nimemwambia Mama kwamba amenipa Kicheko, kumbukumbu ya kuagana. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Uongo wangu una miguu yake, unatangulia mimi nafuata.

Mama aliweka mkasi chini. "Kicheko kakununulia hivi? Mtoto wa watu ana moyo!" Akayaangalia ndani ya mifuko ya nailoni, yamejikunja kama soksi zilizoloa. "Mbona yamelala?"

"Yamechoka na safari. Yatafunguka."

"Basi yakifunguka yote, mwite Kicheko aje ayaone. Miaka minne namsalimia tu kama redio. Nataka nimpikie chai."

Ijumaa, 9 Januari

Jana sikuandika nilivyoyapokea matumbawe, na ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani.

Tangi ni la Kaka. Alipopata kazi mbali aliliacha sebuleni, kando ya cherehani ya Mama, pamoja na samaki wawili wa rangi ya chungwa, ndoo ya maji ya chumvi iliyochanganywa tayari, na amri moja: maji yasishuke chini ya mstari aliouchora kwa kalamu kwenye kioo.

Matumbawe hayatupwi majini kama viazi. Niliiacha mifuko ielee juu ya maji kwanza, ikiwa imefungwa, mpaka joto la ndani likalingana na la nje. Kisha nikaifungua, nikawa natia kikombe kidogo cha maji ya tangi, nasubiri, natia kingine, nasubiri. Nilivaa glavu kwa sababu mengine yana sumu kwenye ute. Mwisho nikayatoa moja moja, maji ya mfuko nikayamwaga chooni, na matumbawe nikayaweka chini kabisa, ambako mwanga ni hafifu.

Nimeyapa majina. Lile kubwa lenye shina na kichwa kipana ni Uyoga, na namhesabu kama mtu. Yale madogo yaliyokaa pamoja juu ya jiwe ni Vifungo, maana yakifunguka yanafanana na vifungo vya koti. La tatu lina matawi yenye ncha kama viganja vya mtoto. Dukani viganja vile vilikuwa vinafumba na kufumbua mchana kutwa, kama vinavyoita mtu. Hayo ni Viganja.

Kaka amepiga simu. "Nasikia umeanza kufuga mawe."

"Si mawe. Ni wanyama."

"Wanakula nini?"

"Mwanga, zaidi."

"Nifuge na mimi basi, nile mwanga, huku chakula kimepanda."

Jumamosi, 10 Januari

Yamefunga yote.

Jumatatu, 12 Januari

Mama anafanya kazi kiwanda kidogo cha mapazia, na kazi inayobaki anakuja nayo nyumbani. Kwa hiyo sebule yetu ina vitambaa kila mahali. Ukikaa kwenye kochi bila kuangalia, unakalia dirisha la mtu.

Leo nimetoka kuoga nikamkuta amepanda stuli, anapima taa ya tangi kwa utepe wake. Jioni akawa ameshona pazia la wavu mweupe, tabaka tatu, lenye ndoana ndogo za kuning'iniza chini ya taa. Amelipiga pindo kabisa, kana kwamba ni la sebule ya waziri.

"Taa hii ni kali kwa wageni," akasema. "Wiki hii wakae na tabaka tatu. Wakizoea unatoa moja. Wakizoea tena unatoa nyingine."

"Umejuaje, Mama?"

"Mimi nashona mapazia. Kazi yangu ni kujua nani anaumizwa na mwanga."

Nimefurahi, ila sikusema. Tuliketi tukatazama pazia kama watu waliokwenda sinema.

Alhamisi, 15 Januari

Viganja vimeanza! Kiganja kimoja kilifumbua, kikafumba, kikafumbua. Mama aliacha cherehani akakinyooshea kidole chake na kufumba na kufumbua mkono vilevile. "Anasema 'njoo', au anasema 'nenda'?"

"Hajaamua."

Mama alicheka. Nikagundua ni mara ya kwanza nimemchekesha mimi mwenyewe. Siku zote huwa anachekeshwa na Kicheko.

Jumanne, 20 Januari

Nimetoa tabaka la kwanza. Vifungo vimefunguka, kijani katikati na pembeni kama kutu. Uyoga amefunga bado. Kichwa chake kimekuwa laini na kinang'aa kama kimepakwa nta.

Matokeo ya mtihani bado.

Jumapili, 25 Januari

Joto. Mashuka yanakauka kabla hujayabana kwenye kamba. Kwenye tangi maji yanashuka upesi. Kila asubuhi mstari wa Kaka uko juu na maji yako chini, nami namimina kutoka kwenye ndoo. Ndoo ilipoisha nilichanganya nyingine, chumvi na maji, kwa kipimo alichoniachia.

Pembe za kioo zimeota ukoko mweupe. Nimeufuta. Umeota tena.

Jumatatu, 26 Januari

Joto.

Jumamosi, 31 Januari

Mama: "Kicheko anapenda mkate wa maziwa au mandazi?"

"Vyote."

"Uyoga akifunguka tu, Kicheko ananijia hapa."

Nimekwenda kuosha vikombe visivyo vichafu. Ngoja niandike ukweli, maana hapa ndipo mahali pake: leo asubuhi nilimtazama Uyoga, nikamwambia kimoyomoyo, bora usifunguke.

Jumanne, 3 Februari

Joto limezidi. Vifungo vimefunga. Viganja vinafumbua kivivu, kama mtu anayeaga bila kupenda. Nimemimina maji mara mbili leo. Nimekagua joto la maji, nimewapunguzia samaki chakula. Sioni nilipokosea.

Kwenye kabati la jikoni nimekuta biskuti zenye umbo la nyota, pakiti tatu. Sisi hatuli biskuti. Mama kasema ni za watu wa kazini.

Jumamosi, 7 Februari

Tawi moja la Viganja limeanguka. Sikuliona likianguka. Nililikuta chini mchangani, rangi imekwisha, laini kama karatasi iliyoloa. Nililitoa kwa kijiko. Nimelia bafuni na bomba nimelifungulia.

Nilijiambia mimi ndiye niliyemwombea Uyoga asifunguke, na sasa wote wanaitika.

Saa tisa nilikwenda dukani. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima: Shikamoo, matumbawe yangu yanaugua, nifanye nini? Shikamoo, matumbawe yangu yanaugua, nifanye nini? Sentensi fupi, mtoto wa chekechea anaiweza. Nikafika, Mama Pacha anapimia mteja chakula cha samaki, pacha mmoja amekaa ndani ya beseni tupu, mwingine anamsukuma.

"Bi Kimya!" akapaza sauti, na mteja akageuka. "Leo tena umekuja kuhesabu samaki? Nimeshawahesabu asubuhi, hawajaongezeka!"

Nikatabasamu. Nikasimama mbele ya tangi. Sentensi ilikuwa imekaa hapa kooni kama kidonge kisicho na maji. Nikarudi nayo nyumbani.

Jumapili, 8 Februari

Mama amehamisha kiti chake, sasa anashona akiwa ameelekea tangi.

"Kicheko anasemaje?"

"Amesafiri."

"Simu hana?"

"Imeharibika."

Alikata uzi kwa meno. Hakuniuliza nani amesafiri na simu iliyoharibika. Alisema tu, polepole, macho kwenye pindo, "Basi kamuulize aliyeyauza. Mtu wa dukani haumi."

Nikasema ananitisha kwa kelele zake.

"Wengine hupiga kelele ili wasisikie nyumba zao zilivyo kimya," Mama akasema. Kisha akakanyaga cherehani, na hatukusikilizana tena.

Jumatatu, 9 Februari

Leo nitaandika sana.

Nilijaza maji ya tangi kwenye chupa ya jamu nikaifunika. Niliwaza hivi: nikishindwa kusema, chupa itasema. Nilikwenda wakati wa jua kali makusudi, wateja wakiwa wamejificha. Mama Pacha alikuwa peke yake, ameegemea kaunta, anajipepea na kifuniko cha ndoo. Mapacha wamelala juu ya magunia ya changarawe, mguu wa huyu juu ya tumbo la yule.

Nikaweka chupa mbele yake.

"Umeniletea juisi?"

"Shikamoo," nikasema. "Yanakufa."

"Marahaba. Nini kinakufa?"

"Matumbawe. Niliyanunua hapa. Nilifanya kila kitu. Niliacha mifuko ielee, nikatia vikombe, nikayaweka chini, na pazia tumeweka, joto la maji ni lilelile, sijagusa kwa mikono, samaki nawalisha kidogo, na bado tawi limeanguka, na Uyoga hajafunguka tangu aje, na Vifungo vimefunga, na kila siku maji naongeza yasishuke mstarini."

Nilipomaliza sikuwa na pumzi. Mama Pacha aliacha kujipepea. Nilitegemea atacheka. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Kumbe una maneno mengi hivyo, na yote yako sawasawa."

Akatoa kipima chumvi, kijidude kama darubini ya mtoto. Akadondoshea tone la maji yangu, akakielekeza mlangoni kwenye mwanga, akachungulia. Akanipa na mimi nichungulie. Mstari ulikuwa juu kupita kiasi, hata mimi niliuona.

"Unaongeza maji gani?"

"Ya chumvi. Ya ndoo. Si ni bahari?"

"Ngoja nikuulize. Umebandika mchuzi jikoni. Umekolea chumvi vizuri. Umeusahau, umekauka nusu. Unaongeza nini?"

"Maji."

"Maji na chumvi tena?"

Nilihisi uso unawaka kuanzia masikioni. Maji ndiyo yanayokwenda hewani, chumvi inabaki. Ule ukoko mweupe kwenye kioo ulikuwa unaniambia kila asubuhi, nami nilikuwa naufuta kama uchafu. Tangu joto lianze nimekuwa nawatilia chumvi juu ya chumvi, kwa upendo wote.

"Usilie," akasema Mama Pacha. "Hili kosa ni la watu waangalifu. Mvivu angesahau kuongeza maji, na matumbawe yangeteseka kidogo tu."

Kosa jingine lingekuwa kukimbia nyumbani na kumwaga maji baridi yasiyo na chumvi yote kwa pamoja. Ameniambia nitoe kidogo tu, nirudishe maji matupu yaliyochujwa kidogo tu, kila asubuhi, ili chumvi ishuke taratibu kama ilivyopanda. "Usiwashtue. Walivyozoea shida ndivyo wazoee raha, polepole."

Kanikopesha kipima chumvi. Nilipofika mlangoni akarudi kwenye sauti yake ya kila siku: "Bi Kimya! Kesho uje na maneno mengine, hayo ya leo nimeyatumia!"

Mapacha wakaamka wakaanza kulia wote wawili.

Jumanne, 10 Februari

Chumvi imeshuka kidogo. Nimekwenda kumwambia. Maneno manane.

Jumamosi, 14 Februari

Imeshuka tena. Viganja vilivyobaki havijaanguka. Ninakwenda dukani kila siku sasa na habari, kama mtu wa taarifa ya hali ya hewa. Mama Pacha huwa ananisogezea ndoo iliyofunikwa nikae. Leo amenieleza kwamba mume wake anafanya kazi melini, anakuja mara mbili kwa mwaka, na kwamba kuna siku anawafungulia samaki redio ili wao nao wasikie mtu mwingine.

Nikamkumbuka Mama na maneno yake ya nyumba kimya. Nikashangaa jinsi Mama alivyopatia kuhusu mtu asiyemjua.

Jumatano, 18 Februari

Asubuhi Uyoga alikuwa anachunika. Ngozi nyembamba kama ya kitunguu inabanduka kichwani, inapepea majini. Nikajua ndiyo mwisho. Nikakimbia dukani na kandambili.

"Anavua nguo," akasema Mama Pacha. "Hujawahi kuona mtu akivua nguo? Mwache. Pampu ielekee upande wake, mkondo umsaidie. Chini ya hiyo ya zamani kuna mpya."

Nimetoa tabaka la pili la pazia.

Jumapili, 22 Februari

Amefunguka.

Mama alikuwa amekwenda kupima madirisha ya mteja. Nilikuwa nafagia, nikainua macho, na kichwa cha Uyoga kimejaa vidole vidogo, mamia, kila kimoja na nyota nchani, vyote vinayumba upande mmoja kama shamba. Nilikaa sakafuni na ufagio mkononi. Ningependa kusema nilifurahi tu.

Nikasikia lango. Kabla sijafikiri, nilichukua tabaka zote mbili nilizotoa, nikazirudisha kwenye taa, na juu yake nikatupia kitambaa cha pazia la mtu, kizito, cha rangi ya maziwa.

"Mbona giza?" Mama akauliza.

"Wanapumzika."

Aliangalia kitambaa cha mteja juu ya tangi. Aliniangalia mimi. Akaenda kunawa.

Jumanne, 24 Februari

Bado nimefunika. Nilichungulia kwa pembeni. Uyoga amefunga, ameinama. Vifungo navyo vimefunga. Viganja vimesimama, havifumbui.

Nimewafungia mimi mwenyewe. Safari hii si chumvi, si joto. Nimewazima taa kwa sababu sitaki mtu aje kunywa chai na msichana asiyekuwepo. Nimekaa kwenye kochi na cherehani imenyamaza na tangi ni jeusi, nikaona sebule yote inafanana na dawati langu, upande mmoja mtu, upande wa pili mkoba.

Nimefunua. Nimeacha tabaka mbili, maana mwanga wa ghafla ungewaumiza tena.

Jumatano, 25 Februari

"Jumapili uje kwetu unywe chai," nikamwambia Mama Pacha. Nilisema haraka ili isirudi kooni.

"Mimi? Nije kama nani?"

"Kama wewe. Na watoto."

"Nani mwingine atakuwepo?"

"Mama tu."

Nilitegemea kelele. Badala yake akaanza kupanga vikopo vya chakula cha samaki vilivyokuwa vimepangika tayari. "Mama yako amesema nije?"

"Amesema rafiki yangu aje."

Akageuka akaniangalia kwa muda mrefu, mpaka nikaangalia samaki.

"Jumapili nafunga duka saa nane," akasema.

Jumamosi, 28 Februari

Wamefunguka wote chini ya tabaka moja. Mama ameona. Alipiga kigelegele kidogo, cha mtu mmoja. Nikamwambia rafiki yangu atakuja kesho.

"Kicheko?"

Nikasema, "Rafiki yangu."

Mawingu leo. Hayajafanya kitu.

Jumapili, 1 Machi

Mama aliondoa mapazia yote ya watu kwenye kochi. Akaweka vikombe vya kabatini, vile vyenye mstari wa dhahabu ambavyo hata Kaka akija havitoki. Mandazi na mkate wa maziwa, vyote. Nilibadilisha blauzi mara tatu. Nilikuwa nimeamua: mlango ukifunguka nitasema, Mama, Kicheko hayupo na hajawahi kuwepo, huyu ni Mama Pacha, nisamehe. Nilifanya mazoezi mpaka nikawa nayasema bila kutetemeka.

Mlango ulibishwa na teke, kwa sababu Mama Pacha alikuwa na mtoto kila mkono. Alikuwa amevaa gauni la maua na lipstiki. Sikuwahi kumwona bila aproni ya mpira.

"Mama," nikasema. "Huyu ni…"

Na Mama, mwanamke ambaye hawezi kumdanganya hata kondakta, alisogea mbele kwa uso mkavu kabisa, akamshika mgeni mkono kwa mikono miwili, akasema: "Karibu, Kicheko. Miaka minne nasikia habari zako."

Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, watoto wawili kiunoni. Mama Pacha hata hakupepesa macho. "Asante, Mama. Salamu zako zote nilizipata."

"Bado unaogopa paka?"

"Paka nimewazoea. Hesabu ndiyo bado."

Wakaangaliana. Kisha Mama Pacha akashindwa kujizuia, akaachia kile kicheko chake cha kufika kituoni, na Mama naye akaanza, akajishika kwenye cherehani, na mimi nimesimama katikati na sentensi yangu yote mdomoni, haina tena pa kwenda.

Nilidhani labda Mama amekisia tu, palepale mlangoni. Lakini watoto waliwekwa chini. Wale watoto huwa hawaendi kwa mtu. Kunizoea mimi iliwachukua mwezi mzima. Walitimua mbio moja kwa moja mpaka kwa Mama, mmoja kila upande, wakaingiza mikono kwenye mifuko ya gauni lake bila kuomba. Wakatoa biskuti za nyota.

Mama aliangalia dirishani. Mama Pacha aliangalia tangi. "Yamependeza," akasema. "Na pazia limekaa vizuri, nilikwambia wavu ndio…" Akauma andazi.

Nikamimina chai. Kikombe cha Mama Pacha nilikijaza mpaka sahani.

Mvua ilianza tukiwa tunakunywa, ya kwanza, kubwa, ikapiga bati mpaka hatukuweza kuzungumza. Tukaketi watu wazima watatu, maana leo najihesabu, tukitazama Viganja vinavyofumba na kufumbua. Mapacha walikuwa wamebandika mikono kwenye kioo wakiviigiza.

Jumatatu, 2 Machi

Dukani nimemuuliza Mama Pacha. "Mama anakuja hapa tangu lini?"

Mama Pacha alijaribu kujifanya ana kazi. Hakufika mbali, maana kunyamaza kwake ni adhabu. "Tangu ukiwa na sare. Mwaka juzi. Alikuja siku moja akasimama pale nje, akakuona umesimama hapa. Hakukuita. Kesho yake akaja peke yake, akasimama palepale unaposimama wewe, akaniuliza, 'Huwa anatazama nini?' Nikamwonyesha."

"Aliuliza jingine?"

"Aliuliza kama huwa unakuja na mwenzako, mcheshi, anapenda karanga. Nikasema hapana, huwa peke yake." Alifuta kaunta. "Halafu akasema, 'Usimsumbue kwa maswali, mwache asimame.' Tangu hapo hupitia siku mojamoja kabla hajaingia kazini. Ananywa chai na mimi. Naye hana mtu, mama yako, unajua hilo?"

Sikujua. Nilikuwa najiona mimi tu.

Nimerudi kwa miguu kwenye matope, nikiwaza. Mwaka juzi. Tangu mwaka juzi, kila asubuhi, nikifunga kamba za viatu, amekuwa akiniambia nimsalimie mtu ambaye anajua hayupo, na kila jioni nimekuwa nikimletea majibu, naye ameyapokea, ameuliza Kicheko alivyofanya mtihani, amecheka alipoanguka kwenye ngazi. Nilidhani nilimtunga Kicheko peke yangu. Kumbe tulimtunga wawili. Labda ndiye pekee tuliyekuwa tunazungumza naye, kila mmoja kwa upande wake, kwa sababu hatukujua kuanza bila yeye.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Nimetoa tabaka la mwisho. Wote wamefunguka, hakuna aliyeshtuka.

Mama amelikunja pazia la wavu, amelitia kwenye droo ya nyuzi. "Litafaa wakija wengine," akasema.

Nilipokuwa natoka kwenda dukani (Mama Pacha amesema ninaweza kumsaidia kupokea mizigo mpaka matokeo yatoke, na nimekubali kwa sauti) Mama alipandisha miwani, akasema kama kawaida, "Msalimie Kicheko."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Mlango ulikuwa wazi, mvua imepungua, cherehani imesimama. Nilimwangalia, nikaona anasubiri kitu kimoja tu, kile anachokipata kila siku.

"Zitafika," nikasema. "Naye atakusalimia. Jana amenichekesha, nitakusimulia nikirudi."

"Nakusubiri," Mama akasema.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa: mwanzoni nilikupa siri moja, na hiyo haina kazi tena. Iache na ushike hii. Mama hajui kwamba najua alivyojua tangu mwaka juzi. Tafadhali usimwambie. Ukikutana naye, na akakuuliza habari za Kicheko, mwambie hajambo, yuko, na salamu zake zilifika zote.